Tofali Linaloongea

Simu haijaacha kutetemeka tangu tulipoachana, wasomaji wangu. Imo mle mle tulimoiacha, ndani ya sidiria ya Msusi, inanguruma juu ya moyo wake. Na mbele yake amesimama Shemeji, simu yake sikioni, anaipigia ile ya marehemu huku macho yakizunguka sebule nzima na kumkagua mmoja baada ya mwingine.

"Inaita," alisema Shemeji. "Nyamazeni kidogo. Inaita."

Mama alinyamaza. Mjomba alinyamaza. Kicheko, aliyekuwa ameketi kwenye mkono wa kochi kana kwamba nyumba ni yake, naye aliacha kutafuna bablishi.

Msusi akakohoa. Alikohoa kikohozi cha watu wawili, akajikunja, mkono ukapanda kifuani, na kidole kikaitafuta ile swichi ya ubavuni kwa juu ya blauzi. Akaibonyeza. Simu ikatulia.

Msioamini jaribuni nyumbani. Simu iwe na loki isiwe na loki, ikiita ukaibonyeza ubavuni inanyamaza, na anayepiga kule haambiwi kitu. Yeye anaendelea kusikia mlio sikioni mwake, anadhani inaita hukoo mbali. Ndivyo alivyodhani Shemeji.

"Pole, shem," alimwambia Msusi bila kumtazama vizuri. "Ni vumbi la hizo nguo."

"Vumbi," alisema Msusi.

Kwa wewe uliyedandia hadithi leo, nikudokeze haraka kabla Shemeji hajapiga tena. Marehemu ni mdogo wake Msusi, tumbo moja, ziwa moja. Walikuwa wakisuka pamoja saluni moja, viti vyao vinatazamana, na kiti cha tatu kilikuwa cha huyu huyu Kicheko. Mdogo mtu aliumwa koo. Mumewe, ambaye ndiye Shemeji, ana duka la dawa, akampa vidonge vyake kwenye kikaratasi aende navyo kazini. Alivimeza mchana. Kabla jua halijazama hayupo.

Shemeji akawaambia watu kwamba simu ya mkewe iliibwa hospitali kwenye zile vurugu. Kumbe haikufika hospitali. Siku ile marehemu aliichomeka kwenye chaji nyuma ya mashine ya kukaushia nywele, akaanguka, akabebwa, na saluni ikafungwa kwa msiba. Leo asubuhi Msusi amefungua saluni kwa mara ya kwanza, akaikuta simu bado imechomekwa, imejaa chaji pomoni.

Na leo mchana familia imeitwa nyumbani kwa Shemeji kupanga nguo za marehemu. Nguo ziko sakafuni kwenye rundo. Juu ya rundo hilo hilo, bila haya wala soni, Shemeji akatangaza kwamba Kicheko atahamia hapa, "kunisaidia kuishi." Mama alishika shavu. Msusi alijiapiza kimoyomoyo kwamba mtu huyu atamtambua, na atamtambua leo, mbele ya Mama, kabla watu hawajavaa viatu.

Shemeji akakata simu, akaitupa kochini.

"Mwizi anajisumbua tu," alisema. "Ile simu nilimnunulia mwenyewe, na loki nilimwekea mwenyewe. Bila namba ya siri, simu ile ni tofali. Huwezi kuiambia kitu, na yenyewe haiwezi kukuambia kitu."

Mjomba, mtu wa maneno machache anayependa kuyatumia vibaya, akamtazama. "Kama ni tofali, mbona kila siku unalipigia?"

"Ina picha zake, mjomba. Kumbukumbu."

"Kumbukumbu," alirudia Mjomba, akalitazama rundo la nguo, kisha akamtazama Kicheko.

Msusi akaaga kwenda chooni.

Alifunga komeo, akafungua bomba la sinki maji yatiririke kwa nguvu, akaitoa simu. Kioo kikawaka. Pale mbele palikuwa na simu zisizopokewa chungu nzima kutoka kwa "Mume Wangu", na chini yake: *Ujumbe mpya 2. Yaliyomo yamefichwa.*

Marehemu ndiye aliyeyaficha. Ukiwa unasuka, mteja yuko hapo magotini kwako, macho yake yanasoma kila kinachowaka. Msusi alijaribu tarehe ya kuzaliwa ya mdogo wake. Ikakataa. Akajaribu ya Mama. Ikakataa. Akajaribu siku ya harusi, roho ikimuuma, nayo ikakataa, ikamwambia asubiri.

Hapo ndipo alipokiona kile kineno kidogo kabisa pembeni ya kioo, ambacho watu tunakiona kila siku hatukijali. *Dharura.*

Akakigusa. Simu haikuomba namba. Ilifunguka ukurasa mmoja tu, ule wa kumsaidia mtu atakayekuokota umeanguka barabarani. Jina. Kundi la damu. Mtu wa kupigiwa: Dada. Na mstari mmoja ambao mdogo wake aliuandika kwa herufi kubwa:

*MZIO: PENISILINI NA JAMII YAKE YOTE. HATARI.*

Msusi aliusoma, akausoma tena, akaketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea.

Hakuwahi kuambiwa. Mama hakuwahi kuambiwa. Lakini alikumbuka ule mwaka wa kwanza wa ndoa, walipokuja kumtazama mdogo wake wakamkuta uso umevimba, midomo imefura, na Shemeji akawapokea mlangoni anacheka: "Kaumwa na nyuki huyu, msihangaike, nimeshamtibu." Nyuki. Na alikumbuka korido ya hospitali, daktari akiuliza mbio mbio, "Kuna dawa yoyote inayomdhuru?" na Shemeji akiwahi kujibu kabla mtu hajafumbua mdomo: "Hana, daktari. Mimi mwenyewe ni mtu wa dawa, ningejua. Ni kifua, kinamsumbua tangu jana." Wakahangaika na kifua hadi akakata roho.

Machozi hayakuja. Mtu huyu hakukosea. Alijua, akampa.

Simu ikatetemeka mkononi. *Mume Wangu.*

Sasa mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Wengi mngeibonyeza ubavuni inyamaze. Msusi naye alikuwa na kidole pale pale. Lakini hasira ina akili zake. Kupokea simu hakuombi namba ya siri, na Msusi na mdogo wake walikuwa na sauti moja, moja kabisa, kiasi kwamba Mama mwenyewe akipiga saluni alikuwa anauliza kwanza, "Wewe ni yupi?"

Akatelezesha kile kiduara cha kijani. Akaiweka sikioni, akasema taratibu, kwa uchovu mtamu, vile vile mdogo wake alivyopokea simu siku zote za ndoa yake:

"Nipo, mume wangu."

Akakata.

Kule sebuleni kikavunjika kitu cha kioo.

Msusi aliirudisha simu kifuani, akafunga bomba, akatoka na mikono yake imelowa. Alimkuta Shemeji amekaa sakafuni, juu ya nguo za mkewe, glasi vipande vipande pembeni yake. Jasho jembamba lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso. Kusema kweli, kuliona jasho lile kulimpa Msusi raha ambayo hakuionea aibu.

"Kuna nini?" aliuliza Mama.

"Mtandao," alisema Shemeji. "Mtandao, mama. Umeingiliana."

"Umeingiliana na nani?"

Kicheko alikuwa ameinama anamnong'oneza Shemeji, lakini minong'ono ya Kicheko husikika hadi kwa jirani. "Umesikia nini?"

"Yeye."

"Nimekuuliza nini, sikukuuliza nani. Amesema nini?"

"Amesema yupo."

"Na nyuma yake? Nyuma ya sauti umesikia nini?"

Shemeji akafumba macho. "Maji. Maji yanatiririka."

Kicheko akainuka polepole. Akaitazama korido. Akaitazama mikono ya Msusi iliyokuwa inadondosha maji kwenye zulia. Halafu akacheka, kile kicheko chake kilichompa jina, kirefu, cha kifuani.

"Duniani kulikuwa na watu wawili wenye sauti ile," alisema. "Mmoja tumemzika."

Shemeji aliruka wima. Woga ulimtoka, chuki ikaingia, na ilimpendeza zaidi. "Shem. Nipe simu ya mke wangu."

"Simu gani?"

"Usinichezee. Unayo mwilini."

"Njoo unipekue basi," alisema Msusi, akanyanyua mikono juu. "Njoo, mbele ya mama yangu."

"Thubutu," alisema Mjomba, naye hakupandisha sauti. "Gusa hata kifungo cha binti yangu tuone kama hicho kiganja utaondoka nacho."

Shemeji akabaki katikati ya sebule, hana mbele hana nyuma. Ndipo Kicheko akapuliza bablishi, akaipasua, akasema:

"Kumpekua kwa nini? Mwambieni aiite."

"Aiite vipi?" aliuliza Mama.

"Aiite kwa mdomo, mama. Pale saluni mikono yetu ina mafuta kutwa. Huwezi kushika simu, kidole kinateleza, kioo hakikutambui. Sasa marehemu aliizoesha simu yake imsikilize sauti, hata ikiwa na loki. Ikipotea kwenye marundo ya nywele bandia anaiita tu, inaitika huko iliko. Mimi nikiiita hainijibu, imezoea sauti yake. Lakini dada hapa akiiita inaitika. Tulikuwa tunacheka mpaka mbavu zinauma." Akamgeukia Msusi, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho Msusi alikichukulia kuwa ni kejeli. "Si ndiyo, dada? Iite. Kama huna, si itakaa kimya?"

Asubuhi ile ile, kabla hajajua lolote, Kicheko alikuja saluni akamwomba amsuke, nywele zote, mistari midogo midogo, na Msusi akamsuka kwa moyo mmoja kwa kuwa ni mwenzao. Nywele zile ndizo zilizokuwa zinang'aa mbele yake sasa.

Lakini tazameni maajabu. Aliyebadilika rangi hakuwa Msusi. Alikuwa Shemeji.

"Inasikiliza?" aliuliza. "Hata ikiwa na loki?"

"Inasikiliza, inapiga, inasoma ujumbe," alisema Kicheko. "Kila kitu."

"Nilimwambia aizime ile kitu. Aliniambia ameizima."

"Hakuizima. Angesuka vipi?"

Shemeji akatabasamu, akaokota koti lake kwenye kiti. "Basi jamani. Tusigombane kwa ajili ya simu. Shem ana uchungu, na mimi nina uchungu. Kama anayo akae nayo. Tuendelee na nguo."

"Hapana," alisema Mjomba.

"Mjomba, mimi mwenyewe nimesema..."

"Wewe umetukagua kama wezi tangu tuingie. Umemwita binti yangu mwizi kwa macho, ukaja kumwita kwa mdomo. Sasa utakaa kitako na simu itaitwa." Mjomba akamgeukia dada yake. "Wewe unasemaje?"

Mama alikuwa ameshika blauzi ya kazi ya marehemu, ile yenye madoa ya mafuta ya nywele mikononi. Hakuinua uso. "Iite, mwanangu," alisema. "Kama ipo nataka kujua ipo."

Msusi akavuta pumzi. Ombi la Kicheko lilikuwa dogo, kuita tu, "uko wapi", iitike, aumbuke. Lakini mtu aliyefungua mdomo hapangiwi cha kusema. Kule chooni aliogopa kuijaribu kwa sauti, wasije wakamsikia. Sasa aliwataka wasikie.

"Sikia, simu," alisema.

Kifuani kwake sauti ya kike ikaitika, tulivu, mbele ya wote: "Nakusikiliza."

Mama akadondosha blauzi. Shemeji akapiga hatua mbele, Mjomba akanyoosha mguu wake mrefu katikati ya njia.

"Nisomee ujumbe."

"Una jumbe mpya mbili," ilisema simu, kwa kile Kiswahili chake cha kujifunza ukubwani, kila neno limekaa peke yake. "Ujumbe wa kwanza. Kutoka kwa Mume Wangu. *Umeshameza? Usiwe mwoga. Nimeziangalia mwenyewe, si zile zinazokudhuru. Meza zote.* Je, ungependa kujibu?"

Hakuna aliyetaka kujibu.

Mnaona alivyojichongea? Mkewe alikiona kikaratasi, akapatwa na wasiwasi, akamuuliza. Asingemjibu, mkewe asingemeza. Kwa hiyo ilibidi ajibu, na ilibidi ajibu kwa maandishi kwa kuwa dukani palikuwa na wateja wanaosikia. Masikini, mkewe alichoka kusubiri, akamwamini, akameza, akaanguka kabla ujumbe haujasomwa. Ukabaki pale kwenye simu iliyofungwa, haujafunguliwa hadi leo.

"Zinazomdhuru?" aliuliza Mama. "Zipi hizo zinazomdhuru?"

Msusi akaitoa simu, akagusa kile kineno kidogo cha pembeni, akampa Mama asome. Mama husoma polepole, kwa midomo. Alipomaliza alikuwa mtu mwingine.

"Wewe ulituambia nyuki," alimwambia Shemeji.

"Mama, nisikilize..."

"Ulisimama pale mlangoni kwako unacheka, ukatuambia nyuki."

"Nilikosea," alisema Shemeji, na sauti yake ikawa laini, ya dukani, ya kumwambia mteja dawa imekwisha njoo kesho. "Nilichanganya makopo. Wallahi nilichanganya. Vidonge vinafanana, mama. Mtu hakosei? Mnadhani mimi silali naye moyoni?"

"Na kwa daktari pia ulichanganya makopo?" aliuliza Msusi. "Alikuuliza mimi nimesimama. Ukasema hana. Ungesema anayo, tungekuwa naye hapa. Ulimuua mchana ukammalizia jioni."

Shemeji alijifanya anamfuata Mama kumshika mkono, kwa unyenyekevu wote, na alipomfikia alimpokonya simu.

Mjomba alichelewa nusu hatua. Shemeji alikuwa ameshafika dirishani, simu ndani ya ngumi, mgongo ukutani, na lile tabasamu lake limerudi lote.

"Haya," alisema. "Nani kasikia kitu? Kizee, mjomba mtu, na dada mtu mwenye wivu. Mtakwenda kusema simu imeongea? Iko wapi hiyo simu? Ikishaingia kwenye ndoo ya maji ni tofali. Niliwaambia tangu mwanzo."

Msusi hakusogea. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipompenda mwanamke huyu. Hakusogea hata kidogo.

"Sikia, simu," alisema.

"Nakusikiliza," ilijibu ngumi ya Shemeji.

Tabasamu likafa. Aliikodolea macho simu ile kama mtu aliyeshika nyoka akidhani ni mshipi.

"Nisomee ujumbe unaofuata."

"Nyamaza," alisema Shemeji, na sijui alikuwa anamwambia nani, Msusi au simu.

"Mwache aisome," alisema Kicheko.

Alisema kwa sauti ndogo sana. Hakuwa anacheka. Shemeji alimgeukia, na simu ikaanza.

"Ujumbe wa pili. Kutoka kwa Kicheko. *Shoga nakuomba usimeze dawa alizokupa. Ukishika simu tu nipigie. Usimeze hata kimoja.* Je, ungependa kujibu?"

Mama alikaa chini, palepale juu ya nguo.

Msusi alimtazama Kicheko, na sasa akakielewa kile alichokiona machoni mwake alipomlazimisha aiite simu. Haikuwa kejeli. Alikuwa anaomba.

"Wewe," alisema Shemeji. Uso wake ulikuwa umefura. "Wewe ulimwandikia? Na ukaja kukaa kwangu unakula, unanichekea?"

"Ulisema nikikuacha nitaanguka na wewe," alisema Kicheko. "Nikakaa. Nikasubiri hiyo simu."

"Je, ungependa kujibu?" iliuliza simu tena, kwa adabu zake zote.

Shemeji akachanganyikiwa. Alianza kuibonyeza. Kioo kile kilikuwa na mafuta ya nywele, vidole vyake vina jasho, kila anapogusa kinateleza. Basi akaigeukia ile swichi ya ubavuni, akaibonyeza, akaibonyeza, akaibonyeza, haraka haraka, kwa hasira, kama mtu anayeua mdudu. Alitaka izimike.

Sasa hili nalo mlijue, maana siku moja litawafaa. Marehemu alikuwa akirudi kutoka saluni peke yake, kwa njia ile isiyo na taa, na aliiweka simu yake hivi: ukiibonyeza ubavuni mfululizo, mbio mbio, loki au hakuna loki, inajua kwamba uko hatarini.

Ikapiga king'ora. Kikali, cha kuingia kwenye meno. Shemeji alishtuka karibu aidondoshe. Kioo kikageuka chekundu chote, na kabla hajajua aguse wapi, king'ora kikakatika, na sauti nyingine ikatoka ndani ya simu, sauti ya mtu mzima, mzima wa damu na nyama, aliye kazini kwake.

"Huduma ya dharura. Tukusaidie nini?"

Alikuwa amewapigia mwenyewe.

Kidole chake kikaenda kwenye kile kiduara chekundu cha kukata. Hakikufika. Mjomba alikuwa ameshamkamata kiganja, kile kile alichomwahidi, akakibana ukutani na simu ikiwa bado ndani yake.

"Halo?" ilisema ile sauti. "Unanisikia? Tukusaidie nini?"

Msusi alifungua mdomo. Maneno alikuwa nayo yote, amejaza kifua. Alitaka kusema jina la mdogo wake, alitaka kusema penisilini, alitaka kusema nyuki, alitaka mtu huyu asikie akitajwa kwa jina lake kamili huku kabanwa ukutani na mama mkwe wake anamtazama. Aliingoja saa hii tangu alipojiapiza. Lakini Kicheko alikuwa ameshapita mbele yake, amesogea hadi mdomo wake ukakaribia ngumi ya Shemeji.

"Nataka kuripoti mtu aliyeuawa," alisema Kicheko. "Kwa dawa. Aliyemuua yuko hapa, na mwenyewe ndiye aliyepiga simu hii."

"Na wewe ni nani, mama?"

Kicheko alimtazama Mama pale chini. Alimtazama Msusi, macho kwa macho, na machozi yalikuwa yanamshuka bila kuyafuta.

"Siku ile sikwenda saluni. Nilikuwa dukani kwake," alisema. "Mimi ndiye niliyevihesabu vidonge nikavifunga kwenye karatasi. Na wakati navifunga, nilijua ni vya nani na ni vya nini. Roho ilinisuta baadaye."

Shemeji alianza kucheka, taratibu, mkono wake umebanwa ukutani. "Haya, shem," alisema. "Umesikia. Sasa utamuanza nani?"

Msusi alikuja na kisasi cha mtu mmoja. Alikitazama kile kichwa cha Kicheko mbele yake, mistari midogo midogo imenyooka, inang'aa kwa mafuta yake mwenyewe. Asubuhi hii alikishika kichwa hicho magotini kwake, akakisuka kwa upole kisiume, na alipomaliza alikishikia kioo nyuma, akamwambia, umependeza.

Akanyanyua mikono yote miwili, polepole, akaanza kuvua hereni zake, kama wavuavyo wanawake kabla ya kupigana.